Dhahabu Nyekundu ya Duka la Dawa

Ukitoka Rongai kuelekea Kiserian kwa barabara ya Magadi, utapita Nkoroi. Mtu akinunua OraQuick kwenye duka la dawa la hapo, kile kipimo cha kujipima virusi vya ukimwi kwa majimaji ya ufizi, hatoki na plastiki tupu mkononi. Ndani yake mna dhahabu. Usikimbilie kuikwangua: haitoshi hata kipini cha pua.

Dhahabu hiyo iko katika chembe zinazopimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja; unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi, na kirusi cha ukimwi kama 100 tu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho hupoteza umanjano wake. Hufyonza mwanga wa kijani, nayo ikaonekana nyekundu kama ushanga wa Kimaasai.

Kila chembe imevikwa protini inayonasa kingamwili. Ukishapangusa ufizi na kutumbukiza kipimo kwenye kichupa chake, majimaji hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakizibeba chembe. Kama mna kingamwili za virusi vya ukimwi, hunaswa penye alama ya T, chembe zikasongamana hapo hadi jicho likaona mstari. Mstari wa C huonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi; usipotokea, kitupe. Soma jibu baada ya dakika 20, zisipite 40.

Mistari miwili si hukumu. Nenda kituo cha afya upimwe tena. Na mstari mmoja haumtoi wasiwasi aliyejiweka hatarini wiki jana, kwa kuwa kipimo hakitafuti kirusi chenyewe bali kingamwili, na hizo huchelewa. Arudie baada ya miezi mitatu. Kenya ilizindua kujipima namna hii mwaka 2017, na bado nakutana na watu wanaodhani mstari mmoja ni cheti.

Waliochanjwa Pfizer au Moderna wakati wa korona nao walidungwa chembe za nano. Maelekezo ya kinasaba yaliyomo kwenye chanjo hizo huharibika upesi, hivyo hufungwa ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita 100 hivi vinavyoyapenyeza kwenye seli. Ni kwa kuharibika huko upesi ndiko Pfizer ilihitaji majokofu ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Lakini anayekuuzia maji ya fedha ya "nano" kama kinga ya kila kirusi, mpite. Fedha ikilimbikizana mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu-samawati, na rangi hiyo haitoki.

Kwenye tiba ndiko ninakoona makubwa. Dawa za virusi vya ukimwi cabotegravir na rilpivirine husagwa hadi fuwele za nanomita mia chache, zikadungwa msulini, zikayeyuka polepole. Utafiti wa CARES, ulioongozwa na Dkt. Cissy Kityo wa Kampala, ulishirikisha watu 512 wa Uganda, Kenya na Afrika Kusini. Baada ya wiki 48, waliodungwa kila wiki nane na waliomeza vidonge kila siku walilingana: virusi vya takriban asilimia 97 yao vilikuwa vimedhibitiwa. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, ambaye chupa yake ya vidonge hulia kama njuga mkobani jirani akisikia, hilo si jambo dogo. Ila sindano hudungwa na mhudumu wa afya, na ukiruka tarehe, dawa hubaki kidogo kidogo mwilini kwa miezi, kiasi cha kukifundisha kirusi kuizoea.