Wakufunzi Wetu Wapewe Ngazi

Kiswahili kina maneno matatu kwa mtu yule yule: kocha, mkufunzi na mwalimu. Katika shule zetu za Nakuru, anayewanoa vijana huitwa "mwalimu wa michezo". Mimi ninayefundisha isimu naona kwamba jina hilo lina ukweli mchungu ndani yake. Mtu huyo ni mwalimu kwanza. Michezo ni mzigo wa nyongeza anaotwishwa baada ya kengele ya mwisho.

Tazama Marekani, ambako kandanda ya vyuo vikuu, ile ya mpira wenye umbo la yai, imemjengea mkufunzi ngazi inayojulikana. Lincoln Riley alianza mwaka 2003 katika chuo kikuu cha Texas Tech, akiwa mwanafunzi anayewasaidia wakufunzi. Baadaye alikabidhiwa wadakaji wa mpira. Mwaka 2010 chuo kikuu cha East Carolina kilimpa ushambuliaji wote. Mwaka 2015 akashika wadhifa huo Oklahoma, na mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 33, akawa mkufunzi mkuu hapo. Hakulazimika kuuacha ukufunzi ili apande cheo, kwani ukufunzi wenyewe ulikuwa na vyeo.

Msomaji atanijibu kwamba sisi tunaye Bruda Colm O'Connell. Ni kweli. Mtawa huyo wa Ireland alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila kusomea riadha. Mikononi mwake alipita Peter Rono, aliyenyakua dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Alipita pia David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Lakini tukumbuke kwamba Bruda Colm aliweza kudumu mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 40. Nadhiri za utawa zilimwondolea haja ya kukimbilia vyeo: hakuwa na mke wala watoto wa kulipiwa karo.

Mwalimu wa michezo wa Njoro, Molo au Gilgil hana ngazi ya Riley wala nadhiri za Colm. Jioni yuko uwanjani na filimbi. Usiku anasahihisha madaftari. Akitaka mshahara mnono, njia iliyo wazi ni ya kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu, na akifika huko filimbi huiweka sandukuni. Akihamishwa, timu aliyoijenga kwa miaka mingi huanza upya.

Dawa ipo. Tume ya Huduma za Walimu na iuhesabu ukufunzi inapopandisha vyeo. Vyuo vikuu navyo viwaajiri wachezaji wao wanaohitimu wawe wasaidizi wa wakufunzi, badala ya kuwavika joho na kuwaaga. Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ilijengwa juu ya fikra kwamba hata mkulima husomea kazi yake. Kwa nini mkufunzi asisomee yake?

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi tumekivika pete chanda cha mkimbiaji, tukausahau mkono uliomwonyesha njia.