Wati za Kwenye Boksi Hazipigi Muziki

Swali ni lile lile, na mwenye Hilux ya miaka ya 1990 hulileta kwa maneno yale yale: "Nifunge spika za wati ngapi?" Halijibiki, kwa sababu linauliza kisichohusika. Ni sawa na kununua pipa la lita 200 ukitumaini kwamba bomba la nyumbani sasa litatoa maji mengi. Wati zilizoandikwa kwenye spika ni kipimo cha uvumilivu: zinaeleza umeme kiasi gani spika itastahimili kabla koili yake haijaungua. Hazielezi itatoa sauti kubwa kiasi gani, wala haziliongezei gari hata wati moja ambayo halikuwa nayo. Umeme wa muziki unatoka kwenye alteneta, unapita kwenye waya, unaingia kwenye redio au amplifaya, ndipo unafika kwenye spika. Kwenye pikapu ya zamani kila kituo katika safari hiyo kimechoka, lakini mwenye gari anahangaika na kituo cha mwisho tu, kwa kuwa ndicho chenye boksi la kupendeza.

Anza na redio yenyewe, ile iliyoandikwa kwa herufi za kung'aa kwamba inatoa wati 50 mara nne. Nambari hiyo ina hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo ndiyo inayoiumbua. Injini ikiwaka, mfumo wa volti 12 hupanda hadi takriban volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 za spika, unapata 51.8. Maana yake, 50 ndiyo nguvu ambayo redio ingetoa kama ingeibana spika kwa volti zote za gari muda wote bila kuachia, na kelele ya namna hiyo hakuna anayeiita muziki. Wimbi safi la sauti hupanda na kushuka, kwa hiyo hata redio isiyopoteza chochote ingeishia kwenye nusu ya hapo, wati 26, na redio halisi hutoa 15 hadi 20 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza. Asiyeamini hesabu atazame fyuzi iliyo nyuma ya redio yake. Ikiwa ni ya ampia 10, basi kwa volti 14.4 zinaingia wati 144, na sehemu yake nzuri inageuka joto. Wati 200 zitatokaje mahali palipoingia 144?

Kama redio inadanganya kwa hesabu, maboksi ya spika na amplifaya yanadanganya bila hesabu yoyote. Lile neno PMPO, linaloipa sabufa ya sebuleni wati 5,000 huku ikichomekwa kwenye soketi ya kawaida bila kuunguza hata fyuzi ya plagi, halina kanuni ya kupimia iliyokubaliwa na yeyote. Kila kiwanda kinajiandikia. Marekani iliyaona haya mapema, na mwaka 1974 tume yake ya biashara ikaweka masharti ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya. Lakini masharti hayo yalihusu vyombo vya nyumbani, na vya magari vikabaki huru kujisifu. Baadaye wenye viwanda waliandaa kipimo cha hiari kilichoitwa CEA-2006, sasa CTA-2006, kinachotaka wati zipimwe kwa volti 14.4, omu 4 na mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Ukiiona alama hiyo, au nambari iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu, na kampuni yenye jina la kupoteza, una pa kuanzia. Usipoiona, chukulia nambari hiyo kuwa pambo kama rangi ya boksi. Tena pambo hilo lina gharama. Spika iliyojengwa kuvumilia wati nyingi mara nyingi ina koni nzito na koili nene, kwa hiyo inahitaji kusukumwa zaidi ili itoe sauti ile ile. Ukiifunga kwenye redio yenye wati 18 za kweli, huenda ikapiga kwa sauti ndogo kuliko ile ya karatasi uliyoitoa. Umelipa ili upunguziwe.

Kinachotakiwa kusomwa kwenye spika ni desibeli, yaani sauti inayotoka kwa kila wati inayoingia, ikipimwa umbali wa mita 1. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushangilia. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 kwenye wati 20 inakwenda sawa na spika ya desibeli 86 kwenye wati 80, na tofauti ya bei kati ya hizo spika mbili ni ndogo kuliko bei ya amplifaya. Ushahidi wa jambo hili uko juu ya paa la kila msikiti na kila gari la matangazo. Kipaza sauti cha pembe chenye wati 30 kinasikika mtaa mzima, kwa sababu umbo la pembe linaiwezesha wati moja kutoa zaidi ya desibeli 105. Spika ya mlangoni hutoa 87 hadi 92. Pengo la desibeli 15 ni sawa na kuzidisha wati mara 30. Ni kweli pembe haina besi, na hakuna anayetaka taarabu kupitia pembe. Hoja ni kwamba kijiji kizima kimekuwa kikisikia kila siku kuwa wati chache zikitumiwa vizuri huzishinda wati nyingi, kisha watu wanaingia dukani na kuuliza wati ngapi.

Hapo mtu hujibu kwamba yeye haitegemei redio, atafunga amplifaya ya wati 1,000. Tuseme ni 1,000 za kweli. Amplifaya ya aina ya AB inageuza kiasi cha asilimia 60 ya umeme wake kuwa muziki na inayobaki kuwa joto, kwa hiyo ikipiga kwa nguvu zote itadai wati zaidi ya 1,600, ambazo kwa volti 13.8 ni ampia 120. Alteneta za pikapu hizi zilitengenezwa kwa ampia 40 hadi 60 hivi zilipokuwa mpya, na kiasi hicho hazikifikii injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Taa za mbele peke yake, mbili za wati 55, zimeshachukua ampia 8. Bado feni, wipa na taa za nyuma. Atasema muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote. Kweli, na ndiyo maana gari halizimiki pale pale. Lakini singeli haina mapumziko mengi, na theluthi moja tu ya ampia 120 ni 40, karibu alteneta nzima. Kwa hiyo amplifaya "ya wati 1,000" inayopiga kwa furaha kwenye Hilux yenye alteneta ya kiwandani ni amplifaya ndogo yenye jina kubwa. Soma tena fyuzi: ikiwa ni moja ya ampia 30, zinaingia wati 414, na hata amplifaya nzuri ya aina ya D, inayopoteza kidogo kuliko AB, haitatoa zaidi ya 330 hivi.

Sasa ndipo anapoingia fundi na dawa yake. Taa zinafifia kila besi inapogonga, naye anasema: weka kapasita, lile kopo la kung'aa la faradi 1 lenye saa ya kuonyesha volti. Hii ni dawa ya kupaka kwa mwenye njaa. Kapasita haizalishi umeme. Inakopa kwa alteneta ile ile iliyokwisha kuelemewa na kurudisha mkopo baada ya kitambo kifupi. Kifupi kiasi gani? Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inaachia jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 500 inazimaliza kwa sehemu 5 za mia za sekunde, kisha kopo linadai kujazwa upya. Lililobaki ni saa ya volti, kifaa chenye manufaa ambacho kinapatikana peke yake kwa bei ndogo zaidi. Na betri ya pili? Hiyo angalau ina akiba ya kweli, lakini nayo ni ghala. Injini ikiwaka, anayelipa ni alteneta. Gari la matangazo lililosimama uwanjani injini imezimwa, likivuta ampia 20 kutoka betri ya N70, litakuwa limekula nusu ya betri kabla ya saa mbili kwisha, na betri za kuwashia injini hazipendi kushushwa chini ya hapo. Taa zikififia, gari linakuambia mapato hayatoshi. Ongeza mapato kwa alteneta kubwa zaidi, au punguza matumizi. Njia ya tatu haipo.

Utauliza basi gari la jirani linatikisikaje. Linatikisika kwa sababu kabini ya pikapu ya milango miwili ni chumba kidogo, na chumba kidogo kilichofungwa huikuza besi ya chini chenyewe. Sabufa moja ya kawaida kwenye boksi la mbao lililokatwa kwa vipimo na kuzibwa viungo itafanya kazi hiyo kwa wati 150 za kweli. Mlangoni mambo ni kinyume. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na sauti ya nyuma ikipata njia ya kuzunguka inaifuta besi ya mbele. Shika spika mkononi ikipiga: besi hakuna. Ibane kwenye ubao uliotobolewa tundu la kipimo chake: besi imerudi, na wati hazijaongezeka. Mlango wa pikapu ya zamani una matundu kila mahali, kava yake imepinda, bati linatetema na plastiki ya ndani ilikwisha kuchanika. Ni debe tupu kwa maana yake halisi, na methali imeshasema debe tupu hufanya nini. Kisha waya: waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, ule mwembamba unaopendwa kwa bei, ukivutwa mita 5 kutoka betri hadi nyuma ya kiti na kupitisha ampia 20, unameza volti 2.3 njiani. Nguvu hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo karibu asilimia 30 imeshapotea kabla amplifaya haijaanza kazi, na bado hatujaizungumzia eathi iliyofungwa juu ya rangi na kutu.

Cha kufanya ni hiki, na hakihitaji hotuba. Kwanza pima volti kwenye nguzo za betri injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa. Chini ya 13.5, tengeneza alteneta na mkanda kabla ya kununua chochote. Kwangua eathi ya betri, ya injini na ya bodi hadi bati jeupe, kaza, paka grisi. Kama hutaki amplifaya, badilisha spika tu: omu 4, desibeli 90 au zaidi, kipimo kinachoingia kwenye tundu bila kukata bati. Tengeneza pete ya ubao, ziba matundu makubwa ya mlango kwa bati jembamba, bandika shiti za lami kwenye bati la nje, na acha matundu ya chini ya kutolea maji. Vuta waya mpya mbili mbili kutoka kila spika hadi redio. Baadhi ya magari ya miaka ya 1970 na 1980 yalirudisha hasi ya spika kwenye bodi, na redio ya kisasa ikifungwa hivyo inaungua siku hiyo hiyo. Usiunganishe spika mbili sambamba kwenye njia moja ya redio. Ukitaka amplifaya, chukua ndogo ya aina ya D ya wati 50 RMS kwa kila njia, waya wa milimita 10 za mraba, na fyuzi karibu na betri, si zaidi ya sentimita 45, kwa maana waya usio na fyuzi ukigusa bodi unawaka moto. Kwaruza waya kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Pitisha waya wa umeme upande mmoja wa kabini na waya wa sauti upande mwingine, usije ukasikia injini ikiimba ndani ya spika. Gari la volti 24 lifungiwe kigeuzi cha kushusha hadi 12. Kuchota kwenye betri moja kati ya mbili ni kuziua zote.

Orodha hiyo yote, ukiondoa amplifaya, ni kazi ya siku mbili na sehemu yake kubwa ni kukwangua, kukaza na kuziba. Haina boksi la kuonyesha marafiki. Ukienda dukani baada ya hapo, ingia na jibu la volti zako na kipimo cha tundu la mlango, na muuzaji akianza kutaja maelfu ya wati, mwombe akuonyeshe fyuzi.