Mashine Pepe Ikigoma Kuwaka
Mashine pepe ya Linux ni kompyuta ndani ya kompyuta; mara nyingi diski yake ni faili tu. Ikigoma kuwaka, mimi sikimbilii kuifuta. Nanakili faili hilo kwanza, kisha nafungua skrini yake nisome imekwama wapi. Nikiona “grub rescue>”, najua programu ya kuiwasha imepotezana na mafaili yake. Ikisubiri diski sekunde 90 halafu ikaangukia hali ya dharura, nashuku /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa: huenda mtu kaondoa diski ya data, mstari wake ukabaki. Naingia kama root (msimamizi mkuu), naandika mount -o remount,rw / ili niweze kulihariri faili hilo, natia # mwanzoni mwa mstari huo ili upuuzwe, nawasha upya. Diski isiyo ya lazima naiwekea neno nofail kwenye mstari wake; ikikosekana, mashine inawaka bila yake.