Barua ya Kufukuzwa Kazi: Udai Nini?

Ukipewa barua ya kufukuzwa kazi, usikimbie CNSS (ile tuliyoita INSS mpaka 2018) ukifikiri itakulipa juu ya kukosa kazi. Mimi nilikimbia. Nilikuwa nimetoka katika kampuni moja ya migodi, na nyumbani Kadutu watoto wanne walikuwa wakiningoja. Karani akaniambia kwa upole: "Papa, hapa tunalipa pensheni, ajali za kazi na posho ya watoto. Pesa ya shomaji haiko katika sheria."

Lakini mwajiri ana deni kwako. Sheria ya kazi ya 2002 inasema hivi: kama mkataba wako hauna mwisho na hukufanya kosa kubwa, anapaswa kukupa preavi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika. Mimi nilitumika miaka sita, ni siku 56. Barua yangu ilisema 14! Nikaenda kwa ispektere wa kazi, kwani huwezi kufika tribinali bila kupita kwake kwanza. Alituita mara tatu. Muda huo wote tulikula likilimba ya mke wangu.

Wazee wa SOMINKI, iliyovunjwa 1997, walidai dekonti yao miaka na miaka. Mimi nililipwa mwezi wa tano. Nikaomba na cheti cha kazi. Kile ndicho nilichoonyesha pale niliposimamia kazi ingine.