Ndege Inayokalia Mkia

Ndege inayokalia mkia hutambulikana ikiwa bado imesimama. Pua yake hutazama juu, magurudumu mawili makubwa huwa mbele chini ya mabawa, na mkia hulala karibu na ardhi juu ya kigurudumu kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia karibu ndege zote zilikuwa hivyo. Baadaye viwanda vikahamishia gurudumu la tatu puani kwa kuwa ndege ya namna hiyo hutua kwa urahisi zaidi, na leo msafiri anayepanda ndege Bukoba au Mwanza huikuta ya gurudumu la pua. Ile ya mkia haikutoweka. Imebaki pale ambapo kiwanja ni nyasi, kokoto na vichuguu, na imebaki pia mikononi mwa watu wanaojiundia ndege wenyewe nyumbani.

Afrika Mashariki iliizoea mapema. Ndege ya Gipsy Moth ya mwindaji Denys Finch Hatton, iliyoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931 na kumuua yeye na msaidizi wake Kamau, ilikuwa ya mbao na kitambaa. Katika Serengeti, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka angani wakitumia Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia. Nayo ilikalia mkia, iliweza kwenda polepole na kutua kwenye majani. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tumbusi, bawa likabonyea na kebo za usukani zikakwama, na Michael akafa. Yeyote anayefungua bawa la ndege kuukuu na kukuta kebo zake ndani hana budi kuikumbuka habari hiyo.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni nchi inayoifaa ndege kama hii. Ni vilima, mabonde, mapori na vijiji vilivyo mbali na lami, na sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, imo humo. Kwenye kiwanja cha vumbi propela ya ndege ya mkia huzunguka juu zaidi ya ardhi, kwa hiyo haili kokoto. Gurudumu la pua likitumbukia kwenye shimo la mhanga, nguzo yake huweza kukunjika na propela ikachimba udongo. Kigurudumu cha mkia kikipita shimo hilohilo, mara nyingi hurukaruka tu. Tena ni chepesi, na wepesi katika ndege ni mali.

Kuunda ndege nyumbani ni jambo la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Bernard Pietenpol wa Minnesota, Marekani, alibuni ndege ya mbao iliyotumia injini ya gari la Ford Model A, na ramani zake zinafuatwa hadi leo. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha nchini Marekani chama cha waundaji, na sheria ya Marekani humruhusu mtu kusajili ndege kama hiyo kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wasio wa kiwanda, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Hamu hiyo iko hata kwetu: mwaka 2019 fundi wa Tunduma alivuta macho ya nchi nzima kwa helikopta aliyokuwa akiiunda mwenyewe. Ila kwa fundi anayeanza, kufufua ndege ambayo imekwisha kuruka ni shule bora kuliko kubuni kutoka karatasi tupu. Umbo lake limethibitishwa, ramani zake zipo, na makosa ya waliotangulia yameandikwa.

Kazi ya kuifufua huanza kwa kuivua nguo. Kitambaa chote hutolewa, kwa sababu rangi nzuri inaweza kufunika kiunzi kilichooza. Kama kiunzi ni cha mabomba ya chuma, jicho la kwanza liende mkiani. Ndege hii hulala miaka yote mkia ukiwa chini, kwa hiyo kila tone la mvua na kila umande unaogandia ndani huteremka huko na kukaa. Bomba la chini la nyuma huliwa na kutu kutoka ndani huku nje likionekana zima. Fundi huligonga na kulichoma kwa ncha kali ya chuma, na pakibonyea hukatwa na kuchomelewa bomba jipya la chuma cha aina ileile, chenye kromiamu na molibdenamu. Bomba la maji la dukani halina nguvu hiyo kwa uzito uleule. Baada ya kuchomelea, mafundi wengi humimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto ndani ya mabomba, huyazungusha yapake kila mahali, huyamwaga, kisha huziba tundu.

Mabawa ya mbao yana maradhi mengine. Uti wa bawa ni boriti kuu, inayobeba uzito wote wa ndege hewani, na mbavu nyembamba hupangwa juu yake kulipa bawa umbo. Ndege za zamani ziligandishwa kwa gundi iliyotokana na maziwa, nayo ikikaa kwenye unyevu hushambuliwa na ukungu na kuachia. Kagera hupata misimu miwili ya mvua, na ndege iliyoegeshwa chini ya turubai kwa miaka michache haiwezi kuaminiwa mpaka kila kiungo kimekaguliwa. Mchwa nao hawachagui. Ufa mwembamba unaokatiza nyuzi za boriti, hasa penye matundu ya bolti, unatosha kuitupa boriti nzima. Mbao ya kuchukua nafasi yake inatakiwa iwe nyepesi, kavu, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo. Misonobari ya mashamba ya miti hukua haraka na kuwa na vifundo vingi, kwa hiyo ubao mzuri wa paa si lazima uwe ubao wa bawa.

Viumbe wadogo wana sehemu yao katika kazi hii. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda kuziba kijibomba kinachopima mwendo wa ndege angani. Inadhaniwa ndivyo ilivyokuwa kwa Boeing 757 ya Birgenair iliyoanguka karibu na Jamhuri ya Dominika mwaka 1996 na kuua watu wote 189 waliokuwamo. Kifuniko cha kitambaa chekundu juu ya kijibomba hicho hakigharimu chochote. Panya hujenga ndani ya mabawa, na mkojo wao hula chuma na alumini.

Kiunzi kikishapona, ndege huvikwa upya. Kitambaa cha sasa ni cha poliesta. Hugandishwa kingoni, kisha hukazwa kwa pasi: kwanza nyuzi 121 za Selsiasi, halafu 149, mwisho 177. Kikipita hapo hulegea na hakirudi tena, kwa hiyo pasi ya mkaa haifai kabisa, na hata ya umeme hupimwa kwanza kwa kipimajoto, kwa kuwa namba za kwenye kitufe chake si za kutegemewa. Kitambaa kikikaza mno kwenye kiunzi chepesi huweza kupinda mbavu. Baada ya hapo hushonwa kwenye kila ubavu kwa uzi maalumu ili hewa isikinyanyue, hutobolewa vijitundu chini vya kutolea maji, na hupakwa tabaka lenye unga wa alumini kabla ya rangi. Tabaka hilo ndilo linalozuia miale ya jua isile nyuzi. Karibu na ikweta halina mbadala. Na rangi ya mwisho ni heri iwe nyeupe au isiyokolea, maana bawa la rangi nzito lililoegeshwa juani hupata joto la kutosha kulainisha gundi za epoksi.

Sehemu inayoitofautisha ndege hii na nyingine ni miguu yake, na hapo ndipo ajali nyingi za ardhini huanzia. Mtu aliyewahi kushuka mlima wa Ngara na baiskeli yenye mikungu ya ndizi nyuma anaijua hali hiyo. Baiskeli ikienda sawa mzigo hutulia, lakini ikikata kona ghafla mzigo wa nyuma hutaka kupita mbele. Uzito wa ndege ya mkia nao uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kupinda baada ya kutua na rubani akachelewa kuirudisha kwa pedali, mkia huchapuka, ndege hugeuka kama pia na ncha ya bawa huchimba chini. Ile ya gurudumu la pua ina uzito mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo hujinyoosha yenyewe. Kwa sababu hiyo rubani aliyejifunza kwenye gurudumu la pua huhitaji mwalimu upya kabla ya kuigusa ya mkia, na fundi huhakikisha magurudumu makuu yametazama mbele sawasawa, breki mbili zinakamata kwa nguvu moja, na kigurudumu cha nyuma hakitetemi wala springi zake hazijalegea. Miguu yenyewe huweza kuwa ya mipira ya kuvutika, ambayo huchakaa na hubadilishwa, au ya bamba la chuma linalopinda na kurudi, ubunifu wa Steve Wittman ambao Cessna iliutumia tangu miaka ya 1940.

Kisha huja tamaa ya kuibadili. Ngara na Biharamulo zina sababu halali, kwa kuwa hewa yake ni nyembamba. Kwenye kiwanja kilicho mita 1,500 juu ya bahari, mchana wenye joto la nyuzi 27, hewa huwa nyembamba kama ya mahali palipo karibu mita 2,300 katika hali ya kawaida. Injini ya nguvu za farasi 100 isiyo na turbo hubakiwa na kama 78. Mabawa nayo hulazimika kwenda kasi zaidi ndipo yabebe, na njia ya kurukia hurefuka. Ndege iliyoundwa kwa injini ya farasi 65 kwenye tambarare itapata taabu kuvuka miti mwishoni mwa kiwanja cha huku.

Dawa rahisi kuliko zote ni propela yenye msokoto mdogo, inayopanda vizuri ingawa hupunguza mwendo wa safari. Ya pili ni injini kubwa zaidi. Wengi hupenda Rotax 912 kwa sababu ni nyepesi na hutumia petroli ya magari, jambo kubwa mahali ambapo petroli maalumu ya ndege haiuzwi. Petroli ya pipa lakini ichujwe, na maji yatolewe chini ya tangi kila asubuhi kabla ya kuwasha. Matairi makubwa laini hupita juu ya mawe, ila huongeza uzito na hushika upepo. Mapezi madogo yanayobandikwa juu ya bawa karibu na ukingo wa mbele huikoroga hewa kidogo ili iambatane na bawa kwa muda mrefu zaidi, na ndege huweza kutua polepole. Kwa uzito wake usiofikia kilo, pengine hakuna badiliko linalolipa zaidi.

Kila badiliko hurudi kwenye mizani. Chukua ndege yenye kilo 160 kwenye kila gurudumu kubwa na kilo 20 mkiani, mkia ukiwa umeinuliwa ndege ikae kama inavyoruka, na kigurudumu kikiwa mita 4.5 nyuma ya magurudumu makuu. Zidisha 20 kwa 4.5, gawanya kwa uzito wote wa kilo 340: kitovu cha uzito kiko karibu sentimita 26.5 nyuma ya magurudumu. Sasa funga kigurudumu imara zaidi kilichoongeza kilo 5 mkiani. Kitovu kinahamia karibu sentimita 32.6. Eneo zima kinapotakiwa kukaa, kwenye ndege ndogo nyingi, halizidi sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kabla ya mizigo kupakiwa fundi amekwisha kula karibu sentimita sita. Ndege yenye uzito wa nyuma kupita kiasi ikipunguza mwendo hadi mabawa yashindwe kuibeba huenda isikubali kuinamisha pua tena. Hakuna ufundi wa rubani unaotengeneza kosa hilo angani.

Upande wa sheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayosajili ndege kwa alama za 5H na kuruhusu kuruka, na fundi mwenye busara huiendea kabla ya kukata bomba la kwanza, akiwa na ramani, picha za kila hatua na daftari la kazi. Ndege iliyoundwa nyumbani haina cheti cha kawaida kinachotambuliwa na mataifa yote, kwa hiyo kuvuka mpaka huhitaji ruhusa ya nchi ya pili. Kwa Ngara hili si jambo la mbali: Rwanda iko ng'ambo ya daraja la Rusumo, Burundi iko baada ya Kabanga, na kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa rubani aliyezubaa hujikuta nchi nyingine kwa dakika chache. Anayeruka chini akumbuke pia nyaya za umeme mkubwa zitokazo mtambo wa megawati 80 wa Rusumo kuja Nyakanazi. Nguzo huonekana, waya hauonekani.

Majaribio hufanywa asubuhi na mapema, hewa ikiwa baridi na upepo umelala. Siku za kwanza ndege hutembezwa ardhini tu, mkia chini, kisha mkia juu. Marekani huitaka ndege ya namna hii iruke kwa kawaida saa 25 hadi 40 ndani ya eneo lililotengwa, na kwa saa zote hizo haibebi abiria.