Mkoko na Mkandaa: Ndugu Wawili, Makao Mbalimbali

Inatia moyo kuwaona wananchi wa Unguja na Pemba wakijitolea kurejesha miti ya pwani katika maeneo yaliyofyekwa. Hata hivyo, juhudi bila ya maarifa ni kazi bure. Kwa sababu hiyo tunaona yafaa kuieleza miti miwili ambayo wengi huichanganya: mkoko na mkandaa.

Miti hii ni ya ukoo mmoja. Yote miwili mbegu zake huchipua zingali juu ya mti, zikaning'inia mfano wa mikuki mpaka zianguke topeni. Mkuki wa mkoko ni mnene na waweza kupita nusu mita; wa mkandaa ni mwembamba, mfupi, wenye mifuo. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na hustawi katika tope laini lifikwalo na maji kila siku. Mkandaa ni mfupi. Aghalabu hukaa nyuma, upande wa nchi kavu, ambako maji hufika wakati wa bamvu na chumvi ni kali.

Kila mmoja una udhaifu wake. Mkoko mkubwa ukikatwa chini ya majani hauchipui tena, tofauti na mchu. Mkandaa nao hukua taratibu mno. Fito moja ikatwayo kwa dakika chache ni kazi ya miaka mingi. Kuni, makaa, majengo na matanuu ya chokaa huimaliza yote miwili, nayo ndiyo malezi ya samaki na kamba na ngao ya fukwe zetu.

Sheria ya Misitu Nambari 10 ya mwaka 1996 ipo, na tangu 2004 sehemu ya Ghuba ya Chwaka imo katika Hifadhi ya Taifa. Lakini makatazo pekee hayainjiki chungu. Hapana budi wananchi wapatiwe nishati nyingine.

Rai yetu kwa viongozi ni hii: msipande mkoko palipokuwa na mkandaa kwa kuwa tu mche wake ni rahisi kuokota. Waulizeni kwanza wavuvi na wazee wa kijiji. Tena taarifa zenu zisihesabu miche iliyopandwa, bali iliyo hai baada ya masika mawili. Pwani hii ni amana, na amana hurejeshwa ilivyokuwa.