Kutengeneza Sinema kwa Siku Mbili

Klabu yetu hapa Masuguru imepewa siku mbili tu kutengeneza sinema ya dakika tano. Nimetafuta msaada katika kazi iliyofanywa Vugiri, wilayani Korogwe, mwaka 1935 hadi 1937. Huko Meja Notcutt na Bwana Latham walitengeneza sinema fupi 35. Picha zilipigwa bila sauti; maneno yalitiwa katika santuri, hata sinema moja ikaweza kusema lugha kadhaa. Faida ni kubwa: mchezaji akikosea neno, picha hairudiwi. Lakini santuri ikitangulia kidogo, maneno na midomo hupishana. Basi nashauri tutumie msimulizi, si mazungumzo. Jumamosi tupige picha kwa simu ya mwalimu, jua lingalipo. Sauti tuitie usiku, bweni likinyamaza.